Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyewashinda mabingwa wa theluji kwenye matope ya Kenya

Mvua kubwa ya Aprili ikishuka Makongeni, unajua kabla hujatoka nyumbani. Honi zinalia Jogoo Road, nganya zimepangana hazisongi, na kwenye njia za ndani, pale lami ilipoisha zamani, kuna ndai imezama kwenye matope hadi kwenye rimu. Dereva anakanyaga mafuta. Gurudumu linazunguka palepale na vijana wanaosukuma wanaoga matope. Kila mtu ana ushauri wake.

Kisha anatokea fundi mmoja mzee. Anamwambia dereva aache kukanyaga. Anachimba kidogo mbele ya tairi, anaweka mawe na kipande cha gunia, anawapandisha wasee wawili nyuma ili magurudumu ya nyuma yapate uzito, kisha anaamuru gari litoke kwa gia ya pili, polepole. Linatoka.

Binamu yako aliye Minnesota au Toronto anaijua hadithi hii, ila kwake matope ni theluji. Na kuna Mkenya mmoja aliyejenga maisha yake yote juu ya jambo ambalo yule fundi mzee analijua: gari likishazama umechelewa, kwa hiyo kazi kubwa hufanywa gereji kabla ya safari. Mkenya huyo ni Joginder Singh. Kama jina hilo ni geni kwako, muulize babu yako. Katika siku za Pasaka za miaka ya 1960 na 1970, watoto wa Eastlands walipokuwa wakisukuma magari yao ya waya, hilo lilikuwa jina la kugombania.

Mtoto wa Kericho

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika nchi ya majani chai, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali karibu kila alasiri. Familia yake ilikuwa ya Kalasinga, kama Wakenya walivyozoea kuwaita Masingasinga, na asili yao ilikuwa Punjab.

Hapa watu wa Makongeni wana uhusiano na hadithi hii hata kama hawajui. Makongeni ni mtaa wa reli. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Na reli hiyo, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ndiyo iliyowaleta mafundi wengi wa Kisingasinga Afrika Mashariki: waashi, maseremala, wahunzi na makanika. Wengine walibaki, wakafungua karakana na gereji. Ukienda Mombasa kwa barabara na ukasimama kwenye hekalu la Masingasinga pale Makindu upate chai na chakula cha bure, unakula katika nyumba iliyoachwa na mafundi wa reli.

Joginder alikulia katika ulimwengu huo wa spana na mafuta machafu. Familia ilihamia Nairobi, na kijana akajifunza kazi katika gereji ya nyumbani. Hakuwa na shule ya udereva wa mashindano wala mdhamini wa kumnunulia gari. Alijifunza gari kwa kulifungua, kulisafisha na kulirudisha, akisikiliza injini ikiunguruma vibaya hadi ajue ni wapi.

Baadaye alipata kazi na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa miongoni mwa wa kwanza kabisa kufanya doria ya kusaidia magari yaliyoharibika barabarani. Fikiria kazi hiyo katika miaka ya 1950. Barabara nyingi za Kenya zilikuwa za udongo, simu ya mkononi haipo, na mtu akikwama, amekwama. Doria ndiye anayekuja.

Wengi husimulia maisha ya Joginder kuanzia siku aliyoshinda, na kipindi hiki hukirukia haraka. Lakini kwa maoni yangu hapa ndipo alipopatikana bingwa. Mtu anayeokoa magari kila siku anajifunza kitu ambacho dereva wa mbio hakijui: anajua kila gari hufa kwa nini. Anajua ni jiwe la aina gani linalotoboa tangi la mafuta. Anajua maji yakifika wapi injini inazima. Anajua ni boliti ipi hulegea kwanza. Hata kwa saa mbaya kama saa nane za usiku, mvua ikimpiga mgongoni, anajua vifaa vipi vinasaidia na vipi vimebebwa bure.

Mbio ambazo hazikuwa mchezo

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mwanzoni ziliitwa Coronation Safari, zikaja kuitwa East African Safari, na tangu 1974 tunazijua kama Safari Rally.

Safari Rally ya leo ya Naivasha, yenye vipande vifupi vilivyofungwa na helikopta juu, ni binamu wa mbali wa ile ya zamani. Enzi za Joginder njia ilikuwa ya takriban kilomita 5,000 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana. Barabara hazikufungwa. Ungeweza kupinda kona kwa kasi ukakutana na lori la mkaa, ng'ombe au basi la abiria. Na waandaaji walichagua kusudi wakati wa Pasaka, masika yanapoanza, ili mtu asijue kama atapata vumbi au mafuriko. Mara nyingi alipata vyote viwili siku moja.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Soma takwimu hizo mara mbili. Zinamaanisha kwamba swali la kwanza halikuwa nani ana kasi, bali nani atafika.

Joginder aliingia katika mbio za magari mwaka 1958, akiwa na miaka 26. Mwaka uliofuata akaingia Safari. Kuanzia hapo hadi 1980 alishiriki Safari 22, na kati ya hizo alimaliza 19. Wapo madereva waliokuwa na kasi kumliko. Waliofika mara nyingi kiasi hicho ni wa kutafuta kwa tochi.

Theluji na matope ni ndugu

Sasa tuje kwa wageni. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya vilianza kuituma Kenya madereva wao bora, na wengi walitoka Sweden na Finland. Hawa ni watu waliojifunza kuendesha gari juu ya maziwa yaliyoganda. Kwao gari kuteleza ni jambo la kila siku, kama kwako matatu kupita kwenye kando ya barabara.

Katika nchi hizo gari huandaliwa kwa majira ya baridi kama mtu anavyojiandaa kwa safari ya jangwani. Kwanza ni tairi. Mpira wa tairi la kawaida hukakamaa kwenye baridi na kuteleza kama sahani, kwa hiyo hufungwa tairi za theluji, zenye mpira laini na mifereji mirefu. Sweden leo ina sheria: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji au barafu, gari dogo lazima liwe na tairi hizo. Kwenye mbio huongezwa misumari midogo, mamia kwa kila tairi, ili ing'ate barafu.

Pili ni maji ya radieta, ambayo lazima yachanganywe na dawa ya kuzuia kuganda, la sivyo yakiganda yatapanuka na kupasua injini. Tatu ni betri, kwa sababu baridi huinyang'anya nguvu usiku kucha. Kisha buti: koleo, kamba ya kuvutia, mfuko wa mchanga, blanketi, tochi, chakula. Na ukikwama huku injini ikiunguruma, unachimbua kwanza theluji iliyoziba ekzosi, maana moshi ukirudi ndani unaua kimya kimya.

Ukitazama vizuri orodha hiyo, ukitoa dawa ya kuzuia kuganda, ni karibu orodha ileile ya Safari. Koleo, kamba, tochi na chakula, vyote vimo. Tairi nayo hufuata kanuni ileile: nyembamba hukata theluji laini au matope hadi ikutane na ardhi ngumu chini, ile pana hupanda juu na kuelea. Hata namna ya kuendesha ni moja. Usikanyage mafuta ghafla, usifunge breki ghafla, tumia gia ya juu kidogo, na usisimame mahali ambapo huwezi kuondoka.

Kwa hiyo ungetarajia watu wa theluji waje hapa na kuchukua kombe kila mwaka. Haikuwa hivyo. Miaka ilipita, mmoja baada ya mwingine, na wenyeji wakaendelea kushinda. Erik Carlsson wa Sweden, jitu la mtu lililoshinda Monte Carlo mara mbili, alikaribia mwaka 1964 alipomaliza wa pili na Saab yake ndogo. Husimuliwa kwamba gari hilo lilipozama kwenye matope alilibiringisha ubavu hadi likakaa juu ya ardhi kavu, akaendelea na safari. Hata hivyo hakushinda.

Sababu ni kwamba theluji na matope ni ndugu, lakini si mapacha. Theluji hufunika mawe. Barabara za hapa huyaacha wazi yakingoja tumbo la gari. Baridi hulinda injini isichemke. Joto la Taru haliilindi. Barafu haina vumbi la kuingia kwenye kabureta. Na hakuna ziwa lililoganda linaloweza kukufundisha udongo mweusi wa tambarare za Athi, ule unaoujua kama umewahi kutembea Utawala au Kayole mvua ikinyesha: unashika kiatu, kisha unashika kiatu na udongo ulioshikwa na kiatu, hadi gurudumu zima linakuwa duara la matope lisilozunguka.

Kwa hiyo gari la Safari lilihitaji vitu vyake. Bamba la chuma chini ya injini. Bodi kuchomelewa upya kwenye viungo, kwa sababu mashimo ya kilomita 5,000 hulifungua gari kama kopo. Springi na shoki nzito. Bomba la kuvuta hewa lililoinuliwa juu ili gari livuke mito. Taa kubwa za ziada. Chuma mbele kwa ajili ya wanyama. Magari mengi yalifungwa hata vishikio na vikanyagio nyuma, mwelekezi aruke nje, asimame pale na kurukaruka ili magurudumu ya nyuma yapate kushika. Wale wasee wawili waliopanda nyuma ya ndai kule Makongeni hawakujua kwamba wanafanya kazi ya mwelekezi wa Safari Rally.

Gari ambalo kiwanda kilichoka nalo

Mwaka 1964 Volvo ilileta Kenya magari yake ya PV544. Ni gari la milango miwili, mgongo wa mviringo, linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma. Kwao lilikuwa shujaa. Lilikuwa pia miongoni mwa magari ya kwanza duniani kuuzwa na mkanda wa usalama wa pointi tatu, mwaka 1959. Ule ule ambao ulikuja kulazimishwa kwenye matatu zetu na sheria za Michuki mwaka 2004. Lakini Safari iliyavunja magari hayo, na timu ya kiwanda ikaondoka mikono mitupu.

Joginder na mdogo wake Jaswant walichukua moja la magari hayo yaliyokwisha kutumika. Halikuwa jipya, lilikuwa na maelfu ya kilomita mwilini na makovu ya mwaka uliopita. Mtu mwingine angeona skrepu. Mafundi hawa wawili waliona kitu tofauti. Gari jipya linaficha udhaifu wake, lakini gari lililokwisha kuvunjwa na Safari linakuonyesha palipovunjika. Unajua pa kuimarisha.

Wakalifungua, wakalitengeneza, wakaingia nalo Safari ya Pasaka ya 1965 kama watu binafsi, bila jeshi la kiwanda nyuma yao. Jaswant alikuwa mwelekezi. Na gari lile lile ambalo wenye nalo walishindwa kulifikisha lilishinda, kwa pengo la zaidi ya saa moja na nusu mbele ya aliyefuata. Si dakika. Saa moja na nusu.

Kuna jambo la kupendeza hapa. Mwaka uleule wa 1965 mbio za Sweden zilifanyika kwa mara ya kwanza katika majira ya baridi, juu ya theluji na barafu, na mshindi alikuwa Tom Trana, akiendesha Volvo PV544. Aina moja ya gari ilishinda kwenye theluji ya Sweden na kwenye udongo wa Afrika Mashariki ndani ya miezi michache. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeliandaa, na kwa barabara ipi.

Kenya ilikuwa na miezi 16 tu tangu ipate uhuru. Nchi changa ilitafuta watu wa kujivunia, na hapa palikuwa na mmoja: mzaliwa wa Kericho, kilemba kichwani pale wengine walipovaa kofia ngumu, mikono ya fundi kwenye usukani. Magazeti ya nje yakambandika jina la Singasinga arukaye. Nyumbani watu walimpa jina zito zaidi: Simba wa Kenya.

Miaka ya kungoja

Baada ya hapo ukafuata ukame wa miaka tisa bila ushindi wa Safari. Lakini ukame wake ulikuwa wa ajabu. Mwaka 1968, wakati magari 86 yalipomezwa na mvua, yeye alikuwa miongoni mwa wale saba waliofika. Mwaka 1969 alimaliza wa pili. Mwaka 1970 akamaliza wa pili tena. Alibadilisha magari, Datsun, Volvo, Ford, bila kubadilisha tabia ya kufika.

Nje ya mbio mambo hayakuwa rahisi. Mwanzoni mwa 1968 maelfu ya Wakenya wenye asili ya Asia waliondoka nchini kwa haraka, wakikimbilia Uingereza kabla sheria mpya haijawafungia mlango, huku hapa sheria za leseni za biashara na vibali vya kazi zikiwabana wasio raia. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Katika miaka hiyo swali la nani ni mwananchi lilikuwa likiulizwa kwa sauti, na si kwa upole. Kila Pasaka, lakini, watu walijipanga kando ya barabara kutoka mashambani hadi mjini, wakalishangilia gari la Joginder likipita. Sidhani ushangiliaji ulimaliza ubaguzi. Ila mtoto wa Makongeni aliyekuwa akisukuma gari lake la waya na kujiita Joginder hakuwa na shida yoyote kujua Joginder ni wa wapi.

Mwaka 1972 ukuta ulianguka. Hannu Mikkola, kijana wa Finland, alishinda Safari na Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo. Watu wa theluji walikuwa wamejifunza hatimaye kwamba huji Kenya na ujuzi wako pekee. Unakuja mapema, unazunguka njia, unawasikiliza wenyeji, unaandaa gari kwa ajili ya hapa. Ikaonekana kwamba zama za mafundi wa gereji za Nairobi zimekwisha.

Lancer ndogo, Porsche kubwa

Pasaka ya 1974 Joginder alikuwa na miaka 42. Gari lake lilikuwa Mitsubishi Colt Lancer, injini ya sisi 1600, kutoka kampuni ambayo wengi hawakuihesabu katika mbio hizo. Mwelekezi wake alikuwa David Doig. Upande wa pili alikuwepo Björn Waldegård, Mswedi aliyeshinda mbio za theluji za nchini kwake miaka mitatu mfululizo, 1968 hadi 1970, sasa akiwa ndani ya Porsche 911. Alikuwepo pia Sandro Munari wa Italia na Lancia.

Kwa karatasi, hiyo ilikuwa mechi ya Gor Mahia na timu ya wadi.

Kisha mvua ikanyesha. Mwaka huo ilinyesha vibaya. Yalianza magari karibu 100, na yaliyomaliza hayakufika 20. Katika hali hiyo nguvu nyingi huwa mzigo: gurudumu linazunguka haraka zaidi, linachimba kaburi lake haraka zaidi. Lancer ilikuwa nyepesi na rahisi kuvutwa, kusukumwa na kutengenezwa njiani. Na ndani yake alikuwemo mtu aliyetumia ujana wake akiokoa waliokwama.

Joginder alishinda. Waldegård na Porsche yake wakawa wa pili. Munari wa tatu.

Miaka miwili baadaye, 1976, alirudi na Lancer pamoja na Doig, akashinda tena. Safari hiyo haikuwa yeye peke yake: Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, Robin Ulyate na Andrew Cowan wakimfuata. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Ukiona leo kijana wa Eastlands akiota Evo, jua kwamba jina Lancer lilijenga heshima yake ya kwanza kubwa duniani hapa, kwenye matope yetu, mikononi mwa fundi wa Nairobi.

Rekodi yake haikudumu milele, wala haikupaswa kudumu. Shekhar Mehta alikuja kushinda mara tano. Na Waldegård, yule aliyeshindwa 1974, hakununa na kurudi kwao moja kwa moja. Alijifunza. Alirudi akashinda 1977, 1984, 1986 na 1990, na mwaka 1979 akawa dereva wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa madereva. Bingwa wa barafu aligeuka kuwa bingwa wa matope kwa kukubali kwanza kwamba barabara ya ugenini ina masharti yake.

Alichotuachia

Joginder alimaliza Safari zake mwaka 1980, akiwa anakaribia miaka 50. Baadaye alihamia Uingereza, na akafia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa watoto wadogo siku hiyo, na huenda habari ilipita kwenye redio ya jirani bila nyinyi kujua ni nani aliyeondoka.

Kwa nini nimemrudisha leo? Kwa sababu mtaani tuna ugonjwa wa kupenda kasi na kudharau maandalizi. Msee ananunua gari, kitu cha kwanza ni rimu, spika na taa za rangi. Tairi zimeisha mifereji hadi zinang'aa. Waipa imekauka na inachora kioo badala ya kukisafisha. Spea haina upepo na jeki ilikopeshwa mtu mwaka jana. Halafu mvua ya kwanza inamkuta Mombasa Road usiku, na tunaanza kuchangishana.

Na kuna wale wanaotoka hapa kwenda Kanada, Marekani au Ulaya kuendesha malori na teksi. Wengi wanafika wakiwa madereva hodari. Mtu aliyeendesha matatu Jogoo Road saa kumi na moja jioni haogopi barabara yoyote. Lakini theluji ya kwanza haijali ulikuwa hodari wapi, kama vile matope yetu hayakujali Carlsson alishinda nini Monte Carlo. Badilisha tairi kabla baridi haijafika. Weka dawa kwenye radieta. Pima betri. Tia koleo, mchanga na blanketi kwenye buti. Waulize wenyeji kuhusu barabara, na usione aibu kuuliza.

Zaidi ya yote, nimemrudisha kwa ajili ya kijana aliye chini ya gari sasa hivi, mahali fulani kati ya Makongeni na Grogan, mgongo kwenye kadibodi, mafuta yakimdondokea shavuni, ambaye nyumbani wanamwambia akatafute kazi ya maana. Mtu aliyewashinda Porsche na Lancia alianza hapo alipo, na spana hizohizo. Gari lake la kwanza la ushindi lilikuwa limetupwa na wenyewe.

Mvua ikinyesha tena wiki hii na ndai ikazama kwenye kona yenu, usikimbilie kurekodi video. Tafuta mawe na gunia. Mwambie dereva aache kukanyaga.